Ukurasa wa 820

Jarida la Nature la tarehe 22 Aprili 2004 lina ukurasa ambao kila mkazi wa Kisangani angestahili kuwekewa mbele angalau mara moja. Ni ukurasa wa 820. Makala iliyomo inaanza na kumalizika hapo hapo. Chini ya kichwa yamepangwa majina 11, na matatu ni ya watu wa Chuo Kikuu cha Kisangani: Jean-Bosco Ndjango, Bernard Labama na Benoît Dhed'a, huyu wa mwisho akijulikana zaidi kwa utafiti wa migomba. Habari yenyewe yaweza kusemwa kwa pumzi moja. Sokwe wa misitu ya jirani na Kisangani wanabeba kirusi kiitwacho SIV, ndugu wa VVU, ila kirusi chao si mzazi wa VVU vilivyoenea duniani.

Majarida ya magonjwa ya wanyama yamejaa kurasa kama huo, kavu na fupi, zisizo na sauti ya mtu. Wengi huzipita. Mimi nimejizoeza kuzisoma polepole, nikitafuta mikono ya watu ndani yake, na kadiri ninavyozisoma ndivyo ninavyozidi kuustahi ufundi uliozileta. Ni ufundi wa kusema kiasi kile ulichokiona basi, tena kwa namna inayomwachia mwenzako nafasi ya kukupinga.

Ili kuuonja ufundi huo, inabidi kwanza kujua ugomvi uliouzaa ukurasa wenyewe. Mwaka 1956, wakati mji wa Kisangani ukiitwa Stanleyville, Wabelgiji walifungua kambi ya sokwe huko Lindi, kando ya mto wa jina hilo, mwendo mfupi kutoka mjini. Maabara ya tiba ya Stanleyville iliongozwa na daktari Ghislain Courtois. Hilary Koprowski, mtafiti mzaliwa wa Poland aliyefanya kazi Marekani, alikuwa akiijaribu chanjo ya polio ya kumeza iliyoitwa CHAT. Mamia ya sokwe walikamatwa misituni wakaletwa Lindi kwa ajili ya majaribio, na kati ya 1957 na 1960 watu wengi wa Kongo ya Kibelgiji na Ruanda-Urundi wakapewa chanjo hiyo. Miaka 40 baadaye, mwaka 1999, mwandishi Mwingereza Edward Hooper akatoa kitabu kinene, The River, akidai kwamba chanjo ilikuziwa katika chembe za miili ya sokwe wale, na kwamba kwa njia hiyo kirusi cha sokwe kiliingia kwa binadamu. Kwa maneno mengine, UKIMWI ulianzia kwa sokwe wa Kisangani, kwa mkono wa daktari.

Tuhuma kama hiyo haijibiwi kwa hasira. Waliohusika walikana. Mwaka 2001 yalichapishwa matokeo ya kupimwa kwa chupa za zamani za CHAT, na hapakuonekana ndani yake dalili ya sokwe wala ya kirusi. Chembe zilizotumika zilikuwa za nyani wa Asia. Waliokuwa wakiitetea dhana wakajibu kwamba chupa zilizopimwa sizo zile zilizotumika Kongo. Ugomvi ukakwama hapo, kila upande ukishika nyaraka zake na kumbukumbu za wazee.

Uzuri wa kwanza wa ukurasa wa 820 ni swali lake. Watafiti waliacha kubishana juu ya chupa wakawageukia wanyama. Ikiwa sokwe wa Lindi ndio waliotoa VVU, basi jamaa zao waliobaki msituni hadi leo wanapaswa kubeba virusi vinavyofanana na VVU kuliko virusi vya sokwe wa mahali pengine popote. Virusi hivi hubadilika kizazi hadi kizazi, na mabadiliko yake huacha alama zinazoweza kupangwa kama ukoo, baba na watoto, matawi na vijitawi. Kwa hiyo jibu lilikuwa bado linatembea juu ya miti, jirani na mji, na lingeweza kuokotwa. Swali limeumbwa hivi kwamba jibu lolote lingemuumiza mtu. Kama virusi vingefanana, madaktari wa zamani wangekuwa na la kujibu. Visipofanana, kitabu kizima kinabaki bila mguu wa kusimamia.

Mmoja wa waliolipigania swali hilo alikuwa William Hamilton wa Oxford, mwanabiolojia mkubwa aliyetikisa elimu ya mageuzi kwa makala zake za mwaka 1964 katika Journal of Theoretical Biology, alipoeleza kwa hesabu kwa nini mnyama anaweza kujitoa kwa ajili ya ndugu zake. Hamilton aliiona dhana ya chanjo kuwa na uzito wa kutosha kupimwa kwa haki. Alifika Kisangani wakati mji uko mikononi mwa waasi, baada ya majeshi ya Uganda na Rwanda kupigana mitaani Agosti 1999, na miezi michache kabla hayajapigana tena kwa siku sita mwezi Juni 2000. Mnamo Januari 2000 aliingia msituni pamoja na vijana wawili watafiti, Michael Worobey na Jeffrey Joy. Alirudi Uingereza akiwa na malaria, akalazwa, na tarehe 7 Machi 2000 akafariki London akiwa na umri wa miaka 63. Kazi ikaendelea bila yeye. Ilipokamilika miaka minne baadaye, jina la kwanza kwenye ukurasa lilikuwa la Worobey, la Joy lilikuwamo, na matokeo yaliangusha ile dhana ambayo Hamilton aliitakia kesi ya haki. Hapa pana jambo la kuheshimiwa: mtu kujenga kipimo, kukihatarishia maisha, na kukijenga kwa uaminifu kiasi kwamba kinaweza kumshinda mwenyewe.

Sasa twende chini ya mti, maana huko ndiko makala inakoandikwa kwanza.

Sokwe hujitengenezea kitanda kila jioni. Hukunja matawi, huyafunga kwa uzito wake, huweka majani laini juu, akalala. Asubuhi, kabla ya kushuka, wengi hujisaidia kutoka pale kitandani. Anayejua mahali kundi lilipolala anaweza kufika alfajiri, kusubiri wanyama waondoke, kisha akakusanya kinyesi kilichoanguka chini bila kumgusa mnyama yeyote, bila bunduki ya sindano, bila tone la damu. Kusema ni rahisi. Sokwe wa Tshopo, jimbo la Kisangani, wanawindwa, kwa hiyo wanamkimbia mtu. Msitu ni mzito, na mnyama hulala mbali na kelele. Kinachompeleka mtafiti hadi pale ni wafuata nyayo wa vijiji vya jirani, watu wanaosoma tawi lililovunjika, ganda la tunda lililotupwa, sauti ya usiku na uelekeo wake. Bila masikio yao, mashine zote za maabara hazina cha kupima.

Akifika, fundi huyu ana muda mfupi. Mende wa kinyesi wamekwishaanza kazi, na mvua moja inatosha kuosha kila kitu. Anavaa glavu, kwa sababu mbili: asiambukizwe, na asichafue sampuli kwa chembe zake mwenyewe. Anachukua sehemu ambayo haijagusa udongo. Anaitia katika kichupa chenye maji ya chumvi maalumu, kinyesi na maji kwa kiasi sawa, anatikisa mpaka vichanganyike. Maji hayo huzuia vinasaba visioze, hata pasipo barafu, na katika mji ambao umeme huja na kuondoka, na huko ndani msituni kusiko na umeme kabisa, uvumbuzi huo ndio uliofungua mlango. Halafu linakuja jambo dogo kuliko yote na kubwa kuliko yote, nalo ni lebo. Tarehe, mahali kwa vipimo vya GPS, namba ya kitanda, umri wa kinyesi kwa kukadiria, jina la aliyeokota. Wino usiofutika kwa jasho wala kwa mvua. Sampuli ikipoteza lebo yake inabaki kuwa mavi. Lebo ndiyo inayoigeuza kuwa ushahidi.

Njia hii ya kutafuta kirusi katika kinyesi ilihitaji kwanza kuthibitishwa, na hapo Tanzania ina heshima yake. Katika hifadhi ya Gombe, kando ya Ziwa Tanganyika, sokwe wamekuwa wakifuatwa tangu Jane Goodall alipofika mwaka 1960, na wanajulikana mmoja mmoja, kwa sura, kwa mama na kwa watoto. Kwa hiyo kila sampuli ya mkojo na kinyesi ingeweza kuhusishwa na mnyama fulani, na jibu la leo kulinganishwa na la mwezi ujao. Mwaka 2002 timu ya Beatrice Hahn, iliyokuwa Alabama nchini Marekani, ilionyesha katika jarida la Science kwamba SIV inaweza kugunduliwa hivyo kwa sokwe wa mwituni. Hapo ndipo kipimo kilipopata uhalali wa kupelekwa Kisangani, kwa wanyama wasiojulikana na mtu.

Gombe ilifundisha jambo jingine pia. Kwa miaka mingi ilidhaniwa kwamba SIV haimdhuru sokwe, kwamba amekwisha kuizoea. Mwaka 2009 makala katika Nature ilionyesha kwamba sokwe wa Gombe wenye kirusi walikuwa na hatari ya kufa mara 10 hadi 16 zaidi ya wenzao wa umri uleule. Ni ugonjwa wa wanyama, nao unawaua. Iliwachukua watu miaka ya kuhesabu vifo vya wanyama waliowajua ili kulisema hilo kwa uhakika.

Tukirudi kwenye vichupa vya Kisangani, maabara haimwamini aliyeokota. Hii ndiyo desturi inayonivutia kuliko nyingine. Mfuata nyayo anasema ni kinyesi cha sokwe. Maabara inasoma vinasaba vilivyomo kuhakikisha kwamba kweli ni sokwe, na wa tawi gani, maana sokwe wa mashariki na wale wa Kameruni ni matawi mawili. Kisha hutafutwa kingamwili, alama ambazo mwili wa mnyama huzitengeneza unapopigana na kirusi na ambazo hubaki kwenye kinyesi. Zikionekana, hapo ndipo hutafutwa kirusi chenyewe, vipande vidogo vya maandishi yake ya urithi, vikanakiliwa mara nyingi hadi visomeke. Kila hatua inaikagua ile iliyoitangulia. Hatua ya mwisho ni kompyuta kupanga ukoo na kueleza kila tawi lina nguvu kiasi gani, yaani kama lingeendelea kusimama pale pale ikiwa data zingetikiswa.

Ukoo ulipochorwa, kirusi cha jirani na Kisangani kilikaa pamoja na virusi vya sokwe wengine wa mashariki, wakiwamo wa Gombe. VVU vya binadamu vilikuwa kwenye tawi jingine, kwa sokwe wa magharibi mwa Afrika ya Kati. Mwaka 2006, kwa njia hiyo hiyo ya kuokota kinyesi, timu ya Hahn na wenzake wa Kameruni na Ufaransa walionyesha katika Science kwamba virusi vinavyofanana zaidi na VVU vya ugonjwa uliotapakaa vinapatikana kwa sokwe wa kusini-mashariki mwa Kameruni. Lindi ikaondolewa lawama.

Anayedhani kazi hiyo ilikuwa bahati ya siku moja aangalie makala iliyofuata, katika Journal of Virology mwaka 2012, ambayo ilipanua msako huo hadi maeneo 50 ya Kongo, Uganda na Rwanda. Sampuli zilikuwa 3,108. Kati ya hizo, 2,565 zilikuwa za sokwe wa mashariki. 323 zilikuwa na kingamwili, na 92 tu ndizo zilizotoa vinasaba vya kirusi. Yeyote aliyesimama pale Wagenia na kuwatazama wavuvi wakipanda kwenye miti yao juu ya maporomoko, wakivuta dema moja baada ya nyingine na kuzikuta nyingi tupu, ataielewa hesabu hii bila kufundishwa.

Lakini tazama jinsi makala inavyoendelea kuhesabu. Sampuli 323 zenye kingamwili si sokwe 323, kwa kuwa mnyama mmoja anaweza kuokotewa siku kadhaa. Kwa kusoma alama za urithi za kila kinyesi, waandishi waligundua kwamba sampuli hizo zilitoka kwa sokwe 76, katika maeneo 19. Wangeweza kuiacha namba kubwa ionekane kubwa. Wameipunguza wenyewe, mbele ya macho ya msomaji, kabla hajauliza. Baada ya kupunguza ndipo wakakadiria kwamba takriban sokwe 13 katika kila 100 wana kirusi, tena wakaweka mipaka ya kosa: huenda ni kama 11, huenda ni 16 na kitu. Ni nadra kumwona mtu akishusha thamani ya bidhaa yake sokoni kabla ya mnunuzi kuishika.

Ndani ya makala hiyo mna mto wetu pia. Sokwe wote waliokutwa na kirusi waliokotewa kaskazini mwa mto Kongo. Ng'ambo ya kushoto, upande ulipo mtaa wa Lubunga na misitu inayoendelea hadi mto Lomami na zaidi, hakuna sokwe. Kuna bonobo, binamu yake mwenye umbo jembamba. Sampuli 543 za bonobo kutoka maeneo sita zilipimwa, na hakuna hata moja iliyokuwa na kingamwili. Mto ambao watu wa Kisangani huuvuka kwa pirogi asubuhi kwenda sokoni umewatenga wanyama hawa kwa muda mrefu kiasi kwamba hata magonjwa yao yana historia tofauti.

Nikifika kwenye uandishi wenyewe, najua wengi huuona kuwa sehemu ya kuchosha. Makala ya jarida ina umbo ambalo halibadiliki sana: tulichouliza, tulichofanya, tulichoona, tunachodhani kina maana gani. Kuta zinazotenganisha vyumba hivyo zimejengwa makusudi. Anayekataa maana uliyoitoa anaweza bado kukichukua ulichokiona akakipa maana nyingine. Anayekitilia shaka ulichokiona anaweza kuingia katika chumba cha ulichofanya na kutafuta ulipoteleza. Kabla ya kuchapishwa, mhariri huipeleka kwa wahakiki, watu wa fani ileile ambao mwandishi kwa kawaida hawajui ni akina nani, na kazi yao ni kuikwaruza kila sentensi. Kule ambako mwandishi ameandika "inathibitisha" wao humrudisha kwenye "inaonyesha". Ameandika "sokwe wa Kongo", humuuliza ni wa wapi hasa, wangapi, mwaka gani.

Thamani ya nidhamu hiyo huonekana miaka ikipita. Mwaka 2010 timu hiyo ya Hahn ilichapisha katika Nature makala kuhusu asili ya malaria kali ya binadamu. Walikuwa wamepima karibu sampuli 3,000 za kinyesi kutoka sehemu mbalimbali za Afrika ya Kati, wakakuta vimelea vya malaria kwa sokwe na kwa sokwe-mkubwa (gorila) wa magharibi, na kuonyesha kwamba kimelea kinachotuua sisi kilitoka kwa huyo wa pili. Kwa bonobo hawakuona kitu. Wangeweza kutangaza kwamba bonobo hawaugui malaria, na ingekuwa habari tamu. Waliandika kwamba katika sampuli walizopima hawakuviona. Mwaka 2017, katika Nature Communications, walirudi na habari mpya: bonobo wa mashariki ya mbali, ng'ambo ya mto Lomami, katika misitu ambayo sehemu yake ilifanywa Hifadhi ya Taifa ya Lomami mwaka 2016, wanavyo vimelea, na miongoni mwavyo kuna aina ambayo haikujulikana, iliyopewa jina Plasmodium lomamiensis. Makala ya 2010 haikugeuka kuwa uongo kwa sababu haikuwa imesema zaidi ya ilichokijua. Iliacha nafasi, na nafasi hiyo ikajazwa.

Kisangani ina mafundi wengine wa aina hii ambao hawamfuati sokwe. Wanamfuata panya. Sababu yake inajulikana na kila mtu katika Tshopo na majimbo ya jirani, nayo ni ugonjwa wa mpox. Kirusi chake kilionekana mara ya kwanza mwaka 1958 kwa nyani wa maabara mjini Copenhagen. Kwa binadamu kilionekana kwanza mwaka 1970, kwa mtoto wa miezi tisa huko Basankusu, katika jimbo la Équateur, na habari yake ikaandikwa mwaka 1972 katika Bulletin ya Shirika la Afya Duniani na Ladnyj, Ziegler na Kima. Nyani, hata hivyo, anaonekana kuwa mhanga kama sisi. Mwaka 1985 kirusi kilitolewa kwa kindi mmoja mgonjwa aliyepatikana msituni huko huko Équateur, na tangu hapo macho ya watafiti yako kwa kindi, panya na wanyama wengine wadogo.

Hapo ndipo ujuzi ulioonekana kama wa anasa unapogeuka kuwa wa lazima. Profesa Dudu Akaibe wa Chuo Kikuu cha Kisangani alitumia maisha yake kuwajua wanyama wadogo wa misitu hii, ikiwamo hifadhi ya Masako, kilomita 14 hivi kutoka mjini kwenye barabara ya zamani ya Buta. Kutega mitego kwa mistari, kuikagua kila asubuhi, kupima mkia, sikio na mguu wa nyuma, kusafisha fuvu na kupima meno, kuhifadhi ngozi na kipande cha nyama kwenye alkoholi: hiyo ndiyo kazi. Panya wawili wanaweza kufanana machoni kiasi kwamba ni fuvu au vinasaba tu vinavyowatenganisha, na mmoja akabeba ugonjwa ambao mwenzake hana. Kirusi kikiandikwa kwa jina la panya asiyehusika, watu watamwogopa asiye na hatia na kumla mwenye hatia. Mwaka 2002 wataalamu wa Ubelgiji walipochambua kundi la panya wenye manyoya magumu wa Afrika katika Bulletin ya Taasisi ya Kifalme ya Sayansi Asilia ya nchi hiyo, aina moja ya Kongo waliipa jina Lophuromys dudui, kwa heshima yake. Leo chuo hicho kina Kituo cha Uangalizi wa Bioanuwai, ambako mikusanyo hiyo inatunzwa. Fuvu lililowekewa lebo nzuri miaka iliyopita linaweza kuulizwa kesho swali ambalo aliyeliweka hakuliwazia.

Ufundi huu una dosari zake, na kuusifu hakunizuii kuziona. Wafuata nyayo, ambao bila wao hapana sampuli, kwa desturi ya majarida huishia kwenye aya ya shukrani, kwa herufi ndogo mwishoni. Vichupa vya wakati ule vilisafiri hadi Alabama, na kilichorudi kilikuwa makala ya Kiingereza katika mji unaoongea Kilingala, Kiswahili na Kifaransa. Watu walioishi jirani na Lindi na kusikia fununu zote za chanjo ndio waliokuwa na haki ya kwanza ya kusikia jibu, na jibu liliwekwa katika lugha ya mbali. Hata hivyo majina yale matatu ya Kisangani kwenye ukurasa wa 820 hayapo kwa hisani. Bila watu wanaojua njia, ruhusa, vijiji na wazee wake, hakuna aliyetoka Oxford au Alabama ambaye angefika chini ya kile kitanda cha majani, tena katika miaka ya vita.

Fununu hazijaisha. Kila chanjo mpya ikifika, na kila ugonjwa mpya ukitangazwa, mtaani Mangobo au Kabondo atapatikana mwenye hadithi ya nani aliyeuleta na kwa nini, na hadithi hiyo itaenda kasi kuliko pikipiki yoyote ya abiria. Simlaumu anayeisikiliza, mji huu umewahi kufanyiwa mambo bila kuulizwa, na kambi ya Lindi ilikuwapo kweli. Lakini sasa tunajua maswali ya kumuuliza msimulizi, kwa kuwa tumeona jinsi wenzetu walivyojiuliza wao wenyewe: sampuli iko wapi, iliokotwa na nani, nani mwingine ameipima, na ni jambo gani likionekana utakubali kwamba umekosea? Hooper hakuukubali ukurasa wa 820, akaendelea kuupinga, na ilikuwa haki yake. Ukurasa wenyewe ulimwekea wazi la kufanya: misitu ni ile ile, sokwe bado wanalala juu ya miti kaskazini mwa mto, na yeyote anayebisha anaweza kuajiri wafuata nyayo, kununua vichupa, na kwenda kuokota ushahidi wake.